Ni Mkono Upi, na Ni Vidole Vipi?

Somo la juma kwa vikundi vya ushirika, Kibera na Kawangware
Maandiko ya kusoma nyumbani: Luka 6:6-11, Marko 5:25-34, Walawi 13:1-8, Kutoka 17:8-13, 2 Wafalme 20:1-7



Jumapili iliyopita katika ibada ya pili niligusia jambo hili kwa dakika chache tu, na baada ya ibada watu wakanifuata hadi nje wakinionyesha mikono. Mama mmoja kidole gumba hakina nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa. Kijana wa boda mkono unaning'inia. Mzee anayelinda geti usiku anasema vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi tangu Krismasi. Nikaona hili haliwezi kujibiwa nikiwa nimesimama mlangoni, wacha niliandike. Mimi si daktari, nilisomea biashara. Ninayoandika hapa juu ya mwili nimeyapata kwa kukaa na wagonjwa wetu kwenye foleni na kuuliza wenye kazi yao maswali mengi mpaka wakachoka na mimi.

Tuanze na Neno. Mathayo, Marko na Luka, wote watatu wanasimulia habari ya mtu aliyekuwa ndani ya sinagogi siku ya sabato, na mkono wake umepooza. Lakini ni Luka peke yake anayetuambia ni mkono gani. Ulikuwa wa kuume. Na Luka ndiye ambaye Paulo, akiwaandikia Wakolosai (4:14), anamtaja kuwa tabibu. Sitaki kujenga nyumba nzima juu ya msumari mmoja, lakini angalia vile mtu aliyezoea wagonjwa anavyoona. Wengine wameona mkono umepooza. Yeye amejiuliza ni mkono upi, kwa sababu kwa watu wengi mkono wa kuume ndio unaoleta chakula.

Kuna mwandishi wa kale wa kanisa, Jerome, wa karne ya 4 na ya 5, ambaye aliandika kwamba katika injili moja iliyokuwa ikisomwa na Wakristo wa Kiyahudi, mtu huyu alikuwa fundi wa mawe, na alimwomba Yesu amrudishie mkono ili asiaibike kwa kuomba chakula. Hiyo si Biblia, ichukue kama habari tu. Lakini mtu wa mjengo anayeamka saa kumi na moja atembee kutoka Laini Saba hadi Industrial Area kutafuta kibarua ataielewa haraka kuliko profesa. Mitaa yetu inakula kwa mikono. Mama fua anayeketi nje ya mageti ya Kilimani na Lavington, msusi wa Kawangware 46, fundi cherehani wa Toi, mama chapo, kinyozi, mtu wa mkokoteni. Mkono ukilala, sufuria nayo inalala.

Sasa nieleze habari ya dada mmoja wa ushirika wetu. Amenipa ruhusa, jina tumeliacha. Kazi yake ni kufua. Ilianza na ganzi usiku. Analala vizuri, saa tisa anaamka, mkono wa kuume unachoma kama umeshikwa na siafu, anaukung'uta, unatulia, analala tena. Akafikiri ni uchovu. Baadaye kikombe kikamtoka mkononi mbele ya wageni. Halafu ikawa hawezi kukamua blanketi, na ukifua Lavington bila kukamua blanketi, kesho wanaita mtu mwingine.

Jirani akamwambia kuna mtu amemfunga mkono, kwa sababu siku chache kabla walikuwa wamegombana na mwenzake juu ya mteja. Unajua vile maneno hayo yanavyoingia mtu akiwa amechoka. Akaenda kwa kemisti, akachomwa sindano ya maumivu. Ikapoa siku mbili. Akarudi. Akakandwa mkono na mama wa mafuta. Akanunua dawa ya mitishamba iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Akapigwa eksirei ya kiganja, mifupa ikaonekana mizima, akaambiwa hana shida. Akaenda kwa mtu anayejiita nabii, akauziwa chupa ndogo ya mafuta.

Mimi ninaposhauri wafanyabiashara wadogo kanisani huwa nawaambia waandike kila kitu kwenye daftari. Tukafanya hivyo na yeye, tukaketi na tukakumbuka. Sindano tisa za shilingi 200, hiyo ni 1,800. Mitishamba mara mbili kwa 1,500, hiyo ni 3,000. Kukandwa mara tano kwa 300, ni 1,500. Eksirei 1,200. Mafuta ya nabii 2,000. Jumla 9,500, kwa miezi minane, bila kuhesabu siku alizokosa kazi. Na kwa hizo zote, hakuna mtu hata mmoja alikuwa amemwambia shida yake inaitwaje. Alikuwa amenunua matibabu mara nyingi na hajawahi kununua jibu.

Marko 5:26 ilinirudia pale pale. Yule mama wa kutokwa damu alikuwa ametumia kila kitu kwa waganga wengi na hali ikazidi kuwa mbaya. Andiko hilo wengine wanalitumia kusema hospitali ni bure. Mimi nalisoma na macho ya hesabu. Marko hakuona aibu kuandika habari ya pesa za mgonjwa. Kama injili imetaja gharama, kanisa pia linaweza kumuuliza mtu kwa upole, dada, umetumia ngapi, na umeambiwa nini?

Swali la kidole kidogo

Nilimsindikiza hadi kituo cha afya cha serikali hapa mtaani. Foleni ilikuwa ndefu, tuliketi tangu saa moja mpaka karibu saa sita. Tabibu, yule tunayemwita tu daktari, alikuwa msichana mdogo pengine wa miaka ishirini na sita. Hakugusa dawa. Akauliza:

"Mama, ni vidole vipi?"

"Ni mkono wote, daktari."

"Wacha mkono. Hiki kidole kidogo cha mwisho, kinakufa ganzi pia?"

Dada akanyamaza. Akakiangalia kama hajawahi kukiona. "Aa, hiki hapana. Hiki kiko sawa."

Kwa miezi minane hakuna aliyemuuliza hivyo. Na swali hilo moja lilifungua mlango. Tabibu akamwambia akunje viganja vyote viwili, migongo ya mikono ikitazamana, akae hivyo dakika moja. Kabla dakika haijaisha siafu wakaanza. Akamgongagonga kwa kidole kwenye kifundo, mbele, upande wa kiganja. Stima ikaruka hadi kidole cha kati. Akalinganisha misuli iliyo chini ya vidole gumba viwili, na mimi niliyekuwa nimeketi pembeni nikaona kwa macho yangu, wa kuume umebonyea. Akaandika barua ya rufaa. Akaomba pia sukari ipimwe, kwa sababu kisukari huharibu neva polepole na mtu hajui.

Hapa niseme neno juu ya lugha yetu. Sisi tuna neno moja, mshipa, na tunalitumia kwa kila kitu. Mshipa wa damu ni mshipa. Kano inayovuta kidole ni mshipa. Neva inayobeba hisia ni mshipa. Hata ngiri watu wanaiita mshipa. Sasa ukienda hospitali useme mshipa umeshikwa, daktari hajui umemwambia nini. Usimpelekee jina la ugonjwa ulilopewa na jirani. Mpelekee habari: ni mkono upi, vidole vipi, ilianza lini, usiku au mchana, kitu gani huwezi kufanya ambacho mwaka jana ulikuwa unafanya.

Kuhusu neva zenyewe, fikiria stima ya hapa kwetu. Waya unatoka kwa transfoma, unapita nguzo, unaruka mabati ya jirani watatu, ndio uingie kwako uwashe balbu. Balbu ikizima, si lazima iwe imeungua. Pengine waya umebanwa na bati mahali fulani njiani. Mkono uko hivyo. Neva zinatoka shingoni kwenye uti wa mgongo, zinapita chini ya mfupa wa bega na kwapani, halafu zinagawanyika. Kuna tatu kubwa za kukumbuka. Moja inapita katikati ya kifundo, kwenye njia nyembamba sana ambamo imebanana na kano tisa za vidole. Hiyo inahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile kinachofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa ya dada yetu. Ya pili inapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unasikia stima. Ikibanwa, kidole kidogo na nusu ya jirani yake ndivyo vinalala. Ya tatu inazunguka mfupa wa juu wa mkono, na kazi yake kubwa ni kuinua kifundo. Ikiumia kiganja kinaanguka kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Kwa hiyo sindano ya maumivu kwenye kiganja ni kubadilisha balbu. Na eksirei ya kiganja inaona nguzo na mabati, yaani mifupa, haioni stima. Kupima neva kwenyewe kuna mashine yake, inapitisha mshtuko mdogo mdogo wa umeme na kuhesabu unavyosafiri, wakati mwingine na sindano nyembamba kwenye msuli. Ni kama tester ya fundi wa stima. Inapatikana katika hospitali kubwa za Nairobi, si kituo cha mtaa, na si kila mtu anaihitaji. Wakati mwingine shida iko shingoni na daktari atataka picha ya MRI. Hiyo ni ghali, kwa hiyo usikimbilie kujilipia kabla mtu hajakupima kwa mikono na kukuambia kwa nini unaihitaji. Nimeona watu wakiuza friji kwa picha ambayo haikuhitajika.

Kungoja pia ni utii

Watu wetu wanachoka na hospitali kwa sababu ya njoo kesho. Unapewa tarehe, unarudi, unapewa tarehe nyingine. Mtu anasema, pastor, hawa hawajui wanachofanya. Lakini nenda usome Walawi 13. Kuhani anaangalia doa kwenye ngozi. Kama halieleweki, hasemi neno. Anamtenga mtu siku saba, anaangalia tena. Bado halieleweki, siku saba nyingine. Ndipo anatamka. Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu huo wa kuangalia, kungoja na kuangalia tena. Na wale kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma kwa makuhani waangaliwe, na wakatakaswa wakiwa njiani kwenda kupimwa.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji, na hapa nitasema kwa mkazo. Mkono ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakaanza kuvurugika, hiyo inaweza kuwa stroki. Usipigie ushirika simu kwanza, tafuta gari uende hospitali saa hiyo hiyo, tutakuombea ukiwa njiani. Mikono yote miwili ikidhoofika na miguu inaanza kujikwaa, au mkojo unakataa au unatoka wenyewe, uti wa mgongo shingoni unaweza kuwa umebanwa, nenda siku hiyo. Na mtu wa boda akianguka na bega, mkono ukaning'inia, asidanganywe kwamba atakandwa mpaka urudi. Neva zinazotoka shingoni zikikatika au kung'oka, madaktari wa upasuaji wanaweza kujaribu kuziunganisha au kuhamisha nyingine, lakini wanataka kufanya hivyo ndani ya miezi ya kwanza, kabla ya sita kupita, kwa sababu msuli uliokaa bila neva unakauka na baadaye hata ukiletewa stima hauwaki. Kijana wetu wa Kawangware bado yuko ndani ya muda huo. Ndiyo maana nimemwambia mama yake, kwa heshima zote, yule mzee wa kukanda angoje.

Mtoto aliyezaliwa kwa shida na mkono mmoja hauinuki, ni jambo la jamii hiyo hiyo. Wengi wanarudi wenyewe miezi ya kwanza. Lakini kama amefika miezi mitatu na hakunji kiwiko, apelekwe kwa wataalamu wa mifupa na neva za watoto. Hospitali ya CURE kule Kijabe imekuwa ikihudumia watoto wenye ulemavu tangu 1998.

Halafu kuna habari ya mlinzi anayelala kwenye kiti mkono ukiwa juu ya egemeo, anaamka kifundo hakiinuki. Kwa Kiingereza ugonjwa huo umepewa jina la Jumamosi usiku, na nyinyi wanaume wa mtaa mnajua kwa nini, lakini humpata hata mtu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote. Neva imelaliwa. Mara nyingi inarudi yenyewe kwa wiki kadhaa au miezi michache. Sasa angalia hatari iliyopo hapo. Mtu huyo akienda kwa mganga wiki ya pili, na mkono ukarudi wiki ya nane, mganga amepata sifa. Akinunua mafuta ya nabii, mafuta yamepata sifa. Hata sisi wahubiri tuwe waangalifu hapo. Mungu ndiye aliyeiumba neva ikiwa na uwezo wa kuota tena, kama milimita moja kwa siku, na utukufu huo ni wake, si wa chupa.

Na wewe uliye kwenye dawa za TB, kuna kidonge kidogo cha vitamini B6 unachopewa pamoja na zile kubwa. Wengine wanakitupa wakisema ni cha kujaza tu. Usikitupe. Moja ya zile dawa kubwa inaweza kuharibu neva, na hicho kidogo ndicho kinga. Ukisikia ganzi, rudi useme, lakini usiache dawa.

Je, kwenda hospitali ni kukosa imani?

Nimeulizwa hivi mara nyingi kuliko swali lingine lolote, na mara nyingi andiko linaloletwa ni la mfalme Asa, 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Aliugua miguu, akatafuta waganga. Lakini soma mstari wote pole pole. Kosa linalotajwa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Linganisha na Hezekia. Isaya alimletea ahadi ya Mungu kabisa, kwamba atapona na ataongezewa miaka 15. Ahadi ikiwa tayari imetoka, nabii huyo huyo akaagiza waandae tini na kuziweka juu ya jipu. Hezekia hakusema, mimi nimepewa neno, tini za nini? Na Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu kule Efeso, alimwandikia Timotheo ushauri wa nini cha kunywa kwa ajili ya tumbo lake. Sisi kanisa hili tunaamini Yesu anaponya. Tunawawekea wagonjwa mikono kila ibada na hatutaacha. Na mtu akitoka madhabahuni aende kituo cha afya, hajaondoka kwa Mungu.

Kuna jambo la dada yetu sijalisema bado. Mwezi wa nne wa shida yake aliombewa katika kesha moja mtaani. Usiku ule maumivu yalipungua kweli. Akaitwa mbele, akashuhudia, watu wakaruka. Jumatatu alishika blanketi na mkono ukakataa. Alikaa wiki tatu bila kuja ibada. Hakuna mtu aliyemfukuza, aibu ndiyo ilimfukuza. Alifikiri akionekana na mkono umefungwa kitambaa, atakuwa amemfanya Mungu mwongo.

Wapendwa, mtu akiulizwa umepona, ana haki ya kujibu bado. Yule kipofu wa Bethsaida, Marko 8, Yesu mwenyewe alimuuliza anaona nini, na alijibu kwa ukweli kwamba anaona watu kama miti inayotembea. Hakulazimisha ushuhuda. Na kwa sababu alisema ukweli, aliguswa mara ya pili. Kuanzia mwezi huu wasimamizi wa ibada watakuwa wakiuliza kabla ya ushuhuda wa uponyaji, na anayetaka kungoja kipimo angoje, hatahesabiwa kuwa mwenye mashaka.

Haruni, Huri na kibao cha kufunga mkono

Kutoka 17, mikono ya Musa ikawa mizito. Hakuna aliyemwambia aongeze imani. Walimletea jiwe akaketi, mmoja upande huu na mwingine upande ule wakaishikilia mpaka jua likatua. Kupumzisha na kushikilia. Ukienda kwa mtu wa fiziotherapi, sehemu kubwa ya kazi yake ni hiyo hiyo. Dada yetu alipewa splinti ya kulala nayo, inanyoosha kifundo kisikunjwe usiku, kwa sababu kikikunjwa ile njia nyembamba inabana zaidi. Kwa wengi walio mwanzoni, splinti na kupunguza kazi ya kukamua inatosha, au sindano maalum ya kifundo inayochomwa na aliyefundishwa, si ya kemisti. Yeye alikuwa amechelewa, msuli ulikuwa umeanza kuisha, kwa hiyo katika hospitali ya rufaa alifanyiwa upasuaji mdogo wa kukata ule utepe unaobana neva. Mkono ulitiwa ganzi tu, akarudi nyumbani siku hiyo. Siafu wa usiku wamekwisha. Nguvu ya kidole gumba haijarudi yote, na daktari amemwambia ukweli kwamba pengine haitarudi yote.

Sasa wiki sita bila kukamua nguo zina maana gani kwa mama anayelipa nyumba kila mwezi? Hapo ndipo Haruni na Huri wanahitajika, na hawahitajiki kwa maombi pekee. Ushirika wake walichukua zamu ya kwenda naye kwa wateja wake wawili. Yeye anaanika na kupiga pasi kwa mkono wa kushoto, mwenzake anakamua, pesa wanagawana. Wateja hawakupotea. Hilo halikutoka kwa mimbari, lilitoka kwa akina mama wenyewe, na ninaona lilikuwa tiba kama ile nyingine.

Mwenye mkono uliokufa ganzi anahitaji pia kulindwa na kile asichosikia. Daktari Paul Brand, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa India mwaka 1914, alienda kufanya kazi Vellore mwaka 1946 na akatumia miaka mingi akirekebisha mikono ya watu wa ukoma, akihamisha kano ili vidole vishike tena. Yeye ndiye aliyesaidia dunia kuona kwamba vidole vile havikuwa vikioza vyenyewe. Neva zilikuwa zimekufa, mtu anashika sufuria ya moto na hasikii, anajikata na hasikii, kidonda kinaendelea. Mama chapo mwenye ganzi, kagua vidole vyako kila jioni kwenye mwangaza. Geuza chapati na mwiko. Maji ya kufulia yapime kwa kiwiko.

Mahali pa kuanzia

Kibera kuna kituo cha afya cha Kibera South, na kile cha Amref pale Laini Saba. Kawangware watu wengi wanaanzia Riruta. Kutoka hapo barua ya rufaa inakupeleka Mbagathi, ambayo ilianza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na wazee wengine bado wanaogopa kuonekana pale wasije wakadhaniwa wana TB. Hiyo ni hospitali ya kaunti ya magonjwa yote, ingia bila wasiwasi. Kenyatta ni ya rufaa, nenda na barua. APDK pale Waiyaki Way wamekuwa wakisaidia watu wenye ulemavu tangu 1958, na wana fiziotherapi na vifaa vya kushikilia viungo.

Kuhusu SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili ni bure, na katika vituo vidogo vya serikali kama hivyo vya mtaa, usajili ndio unaohitajika ili uhudumiwe bila malipo. Mchango ndio unakusaidia ukipelekwa juu zaidi. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Najua 3,600 kwa mkupuo ni nzito. Lakini kumbuka lile daftari: 9,500 za dada yetu zingelipa miaka miwili na zikabaki. Chama cha akina mama wa Gatina tayari wanawekeana shilingi 75 kwa wiki kwa ajili hii, na hesabu yao nimeikagua, inafika.

Na kama uliumia kazini, mwambie mwajiri kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu, na uuhifadhi. Kuna sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, lakini bila ushahidi wa siku na mahali utahangaika.

Jumanne saa moja asubuhi tutakutana langoni mwa kanisa, wa Kibera na wa Kawangware kila mmoja kwenye tawi lake. Vijana wawili watakuwepo na simu kusaidia wasiojisajili kupitia *147#. Njoo na kitambulisho. Njoo pia na karatasi uliyoandika majibu yako: mkono upi, vidole vipi, tangu lini, kazi gani, na kitu gani huwezi kushika. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya mkono, mtoto amwandikie. Tutaomba dakika kumi, halafu tutaondoka pamoja kabla foleni haijawa ndefu. Ambaye mkono wake umelegea ghafla juma hili asingoje Jumanne.